Waya wa Kufika Jikoni

Marahaba, wanangu. Nawaitikia wote kwa mpigo, mliosema shikamoo na mliosahau, maana nawajua vijana wa mitambo wa siku hizi: masikio yenu yamezibwa na vile vidude vyeupe, mtu anaweza kuwasalimia mpaka akachoka. Mimi ni Sefu, mtoto wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu. Nimefunga mitambo ya muziki hapa Tanga kwa miaka thelathini na ushei, na nimestaafu nikiwa na masikio mawili, yote mazima. Kwa kazi yetu hiyo ni neema ya kumshukuru Mola.

Juzi kijana mmoja mwenye kompyuta begani aliniuliza, "Babu, zamani mlipimaje sauti bila hii?" Nikamwambia tulikuwa na miguu. Akacheka, akadhani namtania. Basi nimeona niandike, kwa sababu sikuwa namtania hata kidogo.

Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya Mkwajuni, ule ukumbi wa Raskazone. Ninyi mnaujua kwa harusi, taarabu na sikukuu za Idi. Magari yamejipanga hadi karibu na maji, wasichana wanateremka kwenye bajaji viatu mkononi, na vijana wa kiume wamejipulizia manukato mpaka mbu wanakimbilia Chumbageni. Usiku wa pale ni raha tupu, nami sijawahi kuuchoka. Lakini wazee wetu walipaita Uzunguni, na ukumbi ule ulikuwa klabu ya Wazungu. Mtu mweusi akionekana mitaa ile jua limeshazama, sharti awe na cheti cha mwajiri mfukoni, la sivyo atalala ndani. Ngoma ilikuwa ya wenyewe. Sisi tulikuwa na vyombo vya kuosha.

Na aliyekuwa akiviosha ni mama yangu, Bi Nuru.

Alianza kazi pale akiwa na miaka kumi na sita, akiingia na kutoka kwa mlango wa jikoni. Alasiri moja, kabla ya dansi, aliona bilauri imeanguka katikati ya ukumbi akakimbilia kuiokota. Miguu yake ilikuwa peku, imelowa maji ya kuoshea vyombo, na sakafu ilikuwa imepigwa nta ikang'aa. Nyayo zake zikajichora zote. Bibi msimamizi wa klabu akampa kitambaa, akamwambia azifute moja moja, akirudi kinyumenyume mpaka jikoni, isibaki hata alama ya kidole. Mama alinisimulia kisa hiki mara moja tu, tena akicheka, kama mtu anayesimulia jino lake lilivyong'olewa. Tangu siku ile hakuikanyaga tena sakafu ya Mkwajuni. Uhuru ukaja, wenyewe wakaondoka, ukumbi ukawa wetu, hata mimi mwanawe nikapata kazi humo. Nikimwalika, anasema, "Mie pale nishajifuta."

Kwa hiyo katika kazi hii nilikuwa na tamaa moja. Sikutaka sifa wala cheo. Nilitaka mama apite geti la mbele la Mkwajuni, akae kiti cha mbele, asikie mwanawe anafanya nini usiku. Nilimwalika kila Idi. Akishakataa huongeza neno lake moja, lile alilokuwa akiniambia tangu nilipokuwa nachokonoa redio ya marehemu baba: "Sefu, punguza."

Haya, turudi kwenye miguu.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mbwana, Mdigo wa Moa, mfupi, mwenye kofia ya viua iliyokuwa haivuki hata akilala. Alikuja mjini kushona viatu, akaishia kushona waya. Spika zake alizibeba kwenye baiskeli, moja mbele na moja nyuma, yeye katikati haonekani, watu wakawa wanasema spika zinajiendesha zenyewe. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: muziki haupimwi umekaa. Ukishafunga mitambo, inuka utembee. Simama mlangoni, simama getini, nenda hata karibu na choo, kisha malizia jikoni.

"Jikoni kuna nini, Fundi?" nilimwuliza.

"Kuna watu wasioalikwa," akasema. "Wao ndio hawatakudanganya. Mwenye harusi atakusifu hata ukipiga kopo. Mpishi akisema sauti mbaya, ni mbaya. Na kama mpishi hasikii maneno ya wimbo, wewe hujafunga muziki, umefunga kelele."

Nilimwona mzee wa mambo yake. Nilikuwa kijana, nina kiburi cha kujua rangi za waya.

Kosa langu lililovuma mji mzima lilitokea mwaka wangu wa kwanza. Mnajua desturi ya taarabu: ubeti ukimgusa mwanamke, huinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, na njia atakayopita lazima impitishe mbele ya hasimu wake, hata kama hasimu amekaa upande mwingine wa ukumbi. Usiku ule walikuwapo wake wenza wawili wa Chumbageni, kila mmoja na kundi lake na sare yake. Mke mkubwa alinijia pembeni. "Mwanangu, ubeti wa tatu ukifika, ongeza sauti. Wanihusu." Nikasema sawa. Haikupita muda mke mdogo naye akaja. "Kaka, ubeti wa nne wangu. Niongezee." Nikasema sawa. Kijana mwenye adabu, sikutaka kumwudhi mtu.

Ubeti wa tatu ukafika. Nikaongeza. Mke mkubwa akainuka na jeshi lake, wanakuja kwa mwendo wa maringo, kumbe waya wangu nimeutandaza katikati ya njia kama kamba ya kuanikia nguo. Kisigino kikaunasa, waya ukachomoka, muziki ukakatika puu! Mke mkubwa alikuwa tayari ameshafika mbele ya mwenzake, na kwa vile alikuwa akipiga kelele kuushinda muziki, sauti yake ikabaki peke yake ukumbini:

"...na hilo gauni uliazima kwangu!"

Mke mdogo hakutikisika. Akatengeneza ushungi wake, akajibu pole pole, kila mtu akasikia:

"Na bwana nimemwazima kwako pia, na sirudishi."

Wallahi, ukumbi ulilipuka. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Bwana mwenyewe alionekana mara ya mwisho anapekua baiskeli gizani, yoyote tu, hata isiwe yake. Fundi Mbwana alicheka mpaka kofia ikamvuka, na hiyo ndiyo mara pekee nilipokiona kichwa chake.

Alipomaliza kucheka aliniita. Hakunigombeza. Aliniambia waya haukatizi njia ya wanawake wenye jambo. Waya hupita ukutani, unazunguka ukumbi mzima ikibidi. Kisha akanipa bunda la waya mweusi, zito kama mtoto wa miaka miwili. "Fundi mvivu ana waya mfupi," alisema. "Wewe uwe na huu. Siku moja mtu utakayemtaka asikie atakuwa mbali kuliko ulivyopanga." Waya ule nilikwenda nao kila kazi. Wenzangu walinicheka, wakauita nyoka wa Sefu.

Nimejifunza mengine kwa aibu zangu mwenyewe. Maiki ya mwimbaji anayetafuna tambuu ifunge leso, la sivyo asubuhi utaikwangua kwa kisu. Spika usizielekeze baharini, maana upepo wa usiku utabadilika, na wavuvi watafaidi harusi kuliko maharusi. Chumvi ya pwani inakula vichwa vya waya, vipanguse kila wiki. Kitufe cha sauti kisipite nusu. Fundi Mbwana alisema anayekipitisha nusu anatafuta kupasua spika au kuficha mwimbaji mbovu. Na maiki ya mshereheshaji uizime mwenyewe, usimwachie yeye. Mimi nilimwachia mmoja, akaenda nayo mezani, na wageni mia kadhaa wakasikia jinsi alivyokuwa akiuvunja mfupa wa kuku na kumnong'oneza jirani yake kwamba bibi harusi ni mzuri lakini wifi zake ni wazuri zaidi. Hakumaliza pilau yake.

Mitambo imebadilika mikononi mwangu. Nilianza na kanda, nikaja sidii, nikaja vile vidude vya ukubwa wa ukucha vyenye nyimbo elfu ndani, sasa ninyi mnacheza na vioo. Sina ugomvi na kioo. Ila naona mnafunga mitambo mkiwa mmekaa.

Sasa nije kwenye usiku wangu wa mwisho.

Wenye ukumbi walisema wataniaga kwa taarabu, na mwimbaji awe Bi Chausiku, ambaye nimemfungia maiki tangu akiwa binti mwembamba mpaka leo ana wajukuu na sauti ile ile. Nilifurahi, lakini nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Mama ana miaka themanini na ushei. Kama si usiku huu, ni lini tena? Nilimtuma dada yangu Mwanasha, maana mimi nilishakataliwa vya kutosha.

Mwanasha akamwambia, "Mama, ni mwisho. Kesho Sefu hana kazi Mkwajuni, na wewe hujamsikia hata siku moja."

Mama akauliza, "Nani apika?"

"Mama Joni."

"Haya. Ntakuja."

Mama Joni ndiye mpishi mkuu wa Mkwajuni, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge, Mlutheri wa kwaya, na maandazi yake hata mashehe huyasifu. Mwanasha aliponipigia simu nilikaa juu ya spika nikacheka peke yangu kama mwehu.

Usiku ule nilitandika busati kuanzia getini. Niliweka kiti cha mbele, nikakifunika shali. Nikapanga na Bi Chausiku: nikiinua mkono tu, aanze wimbo wa kumkaribisha mama. Saa mbili na nusu bajaji ikasimama getini. Nikainua mkono. Fidla ikalia, ngoma ikajibu, Bi Chausiku akaitoa sauti, wageni wote wakasimama kwa vigelegele na kugeukia geti.

Akaingia Mwanasha, peke yake.

"Mama yuko wapi?" nilimwuliza.

"Si huyu hapa..." Akageuka. Hakuna mtu. "Sefu! Nilikuwa namlipa dereva, mama alikuwa nyuma yangu!"

Wanangu, mama mzima wa miaka themanini, usiku, na maji ni pale pale. Nikashika maiki, nikamwomba kila mtu atazame. Mabwana wenye suti wakawasha taa za simu na kuinama chini ya magari. Wanawake wa sare wakatawanyika bustanini wakiita, "Bi Nuru! Bi Nuru ee!" Bi Chausiku, kwa kuwa sikumwambia anyamaze, aliendelea kulikaribisha geti. Alirudia wimbo mara tatu. Aliyeingia ni paka.

Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hufanya lile alilolizoea. Nikatembea. Mlangoni, getini, karibu na choo. Nikamalizia jikoni.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kanga kiunoni, viatu amevivua, anakata maandazi. Unga ulikuwa umemwagika sakafuni na miguu yake ilikuwa ndani ya unga. Mama Joni alikuwa karaini anachoma, wanacheka wawili hao kama mashoga wa miaka.

"Mama! Twakutafuta ukumbi mzima!"

"Nimepotea wapi? Nimepita mlango wangu."

"Nimekutandikia busati geti la mbele."

"Geti la wageni. Mie mgeni hapa?" Akakata andazi jingine. "Mlango huu naujua hata nimefumba macho. Ule sijui hata wafunguka upande gani."

Niliumia, siwafichi. Miaka yote nilitaka apite mbele, na alipokuja, amekwenda moja kwa moja kulekule walikomfungia. Nilisimama pale nimeshika maiki iliyozimwa. Mama akaniona.

"Umenunia nini? Hapa yasikika vizuri, maneno yote. Yule bibi kanikaribisha mara tatu, nami nimeitika mara tatu. Mwulize huyu."

"Ameitika," akasema Mama Joni. "Kwa sauti."

Ndipo nikamkumbuka Fundi Mbwana na bunda lake. Nikatoka mbio. Nikalikunjua lile joka langu, nikalipitisha ukutani, nyuma ya viti, chini ya dirisha, likafika jikoni na likabaki dhiraa tatu. Nikaleta spika moja na maiki moja. Nikamwendea Bi Chausiku.

"Niimbie jikoni."

"Mie? Jikoni?"

"Mgeni rasmi yuko huko."

Alinitazama, akanyanyua gauni lake lisiguse chini, akaja. Wapigaji wakamfuata, mwenye fidla, mwenye kodiani, mwenye ngoma, na wageni wakawafuata wapigaji. Ndani ya dakika kumi sherehe yote ilikuwa imehamia nyuma. Mabwana wenye suti walikalia magunia ya vitunguu. Wanawake walisimama juu ya ndoo zilizofunikwa. Mtu mmoja alikaa kwenye sufuria, bahati ilikuwa imepoa. Mama Joni akawa anagawa maandazi kwa mkono mmoja na kupiga makofi pajani kwa mkono wa pili, Mlutheri huyo, akiutikisa mwili kwa taarabu ambayo kesho yake ilibidi akaitubie kwayani. Jamani, sijawahi kuona raha ile. Hakuna aliyeuliza kiti cha mbele ni kipi.

Bi Chausiku akaimba ubeti mmoja kuhusu mtu aliyevumilia. Mama akainuka. Alikwenda kumtunza, na alivyozoea kazi hakuwa na kitu mkononi ila andazi, akamtunza andazi. Vigelegele! Wanawake wakamzunguka, wakacheza naye, na kwa kuwa jiko lilikuwa dogo, ngoma ikawasukuma pole pole mlangoni, ikawatoa jikoni, ikawaingiza ukumbini. Mama alikuwa amefumba macho, anatingisha mabega. Alipoyafumbua alikuwa katikati ya sakafu ya Mkwajuni.

Akasimama. Akageuka nyuma.

Kutoka mlango wa jikoni mpaka pale alipokuwa, nyayo zake zilikuwa zimejipanga, nyeupe za unga, peku, kidole kwa kidole.

Wenzake waliendelea kucheza, hawakujua lolote. Na wakati huohuo mtu wa usafi, mzee mwenye kupenda sakafu yake kuliko wanawe, akatokea mbio na fimbo ya deki, analalamika kwamba sakafu imepigwa rangi juzi. Mama akaitazama ile deki. Akanyoosha mkono, na yule bwana, kwa heshima ya uzee, akampa.

Mimi nilikuwa kwenye mitambo, ng'ambo ya ukumbi. Mkono ulikuwa kwenye kitufe. Nilisema moyoni, ya Rabi, asiinamishe mgongo. Nilitaka kukimbia nimnyang'anye, lakini wachezaji walikuwa wamejaa kati yetu.

Mama aliipima ile fimbo mkononi. Akaipindua, nywele juu, mpini chini. Akaishika kiunoni kama bwana wa dansi, akazunguka nayo duara moja zima, juu ya nyayo zake mwenyewe, akaongeza nyingine. Kisha akapaza sauti ambayo haikuhitaji maiki.

"Leo sifuti mtu! Sefu! Ongeza!"

Nilikiona kitufe kikipita nusu. Nilikiona kikigota mwisho. Spika ya kushoto ilipasuka kwa kishindo, na hakuna aliyejali, maana ile ya jikoni ilikuwa bado inaimba, na mimi nilikuwa nimeacha mitambo, nalia na kucheza, nimeshika upande wa pili wa deki.

Basi, wanangu, tembeeni mpaka jikoni. Kuweni na waya mrefu. Kitufe kisipite nusu, hiyo ni sheria ya Fundi Mbwana, na mimi sijaifuta. Lakini siku mama yako akikwambia ongeza, ongeza. Spika zipo madukani.